Mtoto Aandike Kiasi Gani kwa Siku?



Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na khasa tangu nilipokuja kukaa huku Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa: mtoto mdogo anayefundishwa nyumbani aandike kiasi gani kwa siku? Ukurasa mmoja? Kurasa mbili? Saa nzima? Kwetu pwani haliulizwi sana, kwani mtoto hupelekwa chuoni angali mdogo na mzigo wote akaachiwa mwalimu. Huku hali ni nyengine. Waislamu ni wachache, wametawanyika kijiji hiki na kile katikati ya mashamba ya mpunga na kakao, na chuo chaweza kuwa mbali na miguu ya mtoto. Tena ikifika masika, mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa, maji yakatandaa bondeni, na njia zisipitike. Siku hizo mzazi ndiye mwalimu, apende asipende.

Kwa hivyo leo nasema nawe, mwenye mtoto wa miaka mitano, sita au saba, uwe Kyela au uwe Tanga, Lamu au Unguja. Jambo hili laonekana dogo, lakini sivyo.

Yuko mzazi mmoja huku, mfanyabiashara wa mchele, mtu mwema mwenye kuhifadhi sala zake. Alimwanzisha mwanawe nyumbani akiwa na miaka sita. Mtoto ni hodari. Karibu nusu ya Juzuu Amma alikuwa keshaihifadhi kwa kumsikiliza mamake tu. Baba akafurahi, akaona sasa ni wakati wa kalamu. Akaweka sheria: kila siku baada ya alfajiri kurasa mbili za herufi za Kiarabu, na jioni kurasa mbili za herufi za Kirumi, ili akiingia darasa la kwanza awatangulie wenziwe. Wiki ya kwanza ilikwenda vyema. Ya tatu mtoto akaanza kuumwa na tumbo kila asubuhi. Akapelekwa hospitali, ugonjwa hauonekani. Kisha mama akaona jambo lililomtia hofu: mtoto akiuona msahafu unatolewa katika mfuko wake, huanza kulia. Kisa ni kwamba msahafu na daftari vilikuwa vikitolewa pamoja.

Hapo ndipo penye khatari, msomaji wangu. Mwandiko mbaya huponyeka. Nimewaona watu walioandika kama kuku aliyeparura mchanga mpaka ukubwani, kisha wakatengenea. Lakini mtoto akikichukia Kitabu cha Mwenyezi Mungu kwa ajili ya maumivu ya vidole, je, akifika miaka kumi na minane utampa dawa gani?

Baba yule alinijia na mithali yake mkononi: “Sheikh, udongo uwahi ungali maji.” Nikamwambia, maneno ya kweli hayo, lakini huku hatuna haja ya kuyasema kwa kubahatisha, maana wafinyanzi tunao. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, vyungu vyao vyajulikana pwani yote hii ya ziwa. Hupakiwa mitumbwini mpaka soko la Lyulilo, karibu na Matema. Umpate mmoja umuulize: udongo ungali maji hushikwaje? Haukamwi kwa nguvu. Chungu kikishafinyangwa huwekwa kivulini kikauke polepole, na mwenye haraka akakianika juani mara moja, hupasuka. Basi kuuwahi udongo si kuukomoa.

Kisha nikampa kalamu na karatasi, nikamtaka aandike jina lake na la babake mara hamsini kwa mkono wa kushoto. Alicheka, akaanza. Hakufika kumi. Akasema vidole vimekakamaa na bega lauma. Nikamwambia, sasa umejua. Mwanao mikono yake yote miwili ni ya kushoto.

Na si mfano wa maneno tu. Madaktari watwambia kuwa kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane, na mtoto anapozaliwa yote ni gegedu laini bado. Hugeuka mfupa mmoja baada ya mwengine kadiri miaka inavyokwenda, na kazi hiyo haimaliziki mpaka mtoto akaribie miaka kumi, au hata kumi na miwili. Wewe unamtaka ajenge ghorofa, na boriti bado hazijakauka!

Wanazuoni wetu waliliona hili zamani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mzuri wa kumpumzisha, kwani kumzuia mchezo na kumbebesha masomo daima huua moyo wake na kuitia butu akili yake. Ibn Khaldun naye, katika Mukadima aliyoiandika mwaka 1377, ana mlango mzima juu ya madhara ya kuwafanyia wanafunzi ukali, khasa watoto wadogo. Asema mtoto wa namna hiyo hujifunza uongo na hila ili aepuke mkono ulio juu yake. Hebu litazame lile tumbo la asubuhi. Tena asimulia kwamba watu wa Mashariki katika zama zake hawakuchanganya kufundisha Kurani na kufundisha khati. Khati ilikuwa na walimu wake na wakati wake, kama ufundi mwengine wowote. Nasi wa pwani twalijua hilo. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa wanakili wa misahafu, na unakili ulikuwa kazi ya mafundi, haukuwa sharti la kila mtoto wa miaka sita.

Nisifahamike vibaya. Sisemi kuandika kuachwe. Katika Surat Al-Alaq, aya za kwanza kushuka, kalamu imetajwa. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliwakubalia mateka wasiokuwa na mali kujikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, kila mmoja watoto kumi. Na akina mama msidhani kazi hii si yenu: Bibi Shifaa binti Abdullah (R.A.) ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa (R.A.), mke wa Mtume, kuandika. Hayo yalikuwa masomo ya nyumbani.

Ila kipimo. Imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba amali ipendezayo mno kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, ijapokuwa kidogo. Hiyo ndiyo sheria yangu katika mwandiko, na nimeitumia kwa watoto wengi.

Mtoto wa miaka minne, na wa mitano aliye dhaifu wa vidole, simpi kalamu kabisa. Namwachia mchanga, nao Matema upo mwingi na hauuzwi. Achore alifu kwa kidole, afute, achore tena. Namwachia udongo afinyange, karanga amenye, shanga atunge, mchele auchambue na bibi yake. Kazi hizo zatia nguvu zile zile za vidole zitakazoshika kalamu, na mtoto hajui kuwa anafunzwa.

Wa miaka mitano na nusu au sita, dakika kumi. Mistari mitatu, basi. Wa miaka saba, dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Wa nane na tisa aweza kufika nusu saa, naye apumzike katikati. Lakini saa ya ukutani isikutawale, mtazame mtoto. Ukiona ncha za vidole zimekuwa nyeupe kwa kuibana kalamu, au amezuia pumzi, au herufi zimeanza kuvimba na kuuacha mstari, au kichwa kimelala juu ya daftari, basi mkono umechoka, nao mkono uliochoka haujifunzi ila makosa. Mwambie afunge. Afunge angali anataka kuandika moja zaidi. Hiyo tamaa ndiyo itakayomrudisha kesho.

Katika hiyo mistari mitatu chagua kwa akili. Be, te na the zina mwili mmoja, zatofautiana kwa nukta tu. Jimu, hee na khe vivyo hivyo. Dali na dhali, re na ze, sini na shini. Mtoto akiumiliki mwili mmoja amepata herufi mbili au tatu kwa jasho la moja. Katika Kirumi nako, a, d na g huanza kwa duara lile lile. Wala usimfundishe khati zote mbili katika kikao kimoja. Moja yatoka kulia, moja yatoka kushoto, na mtoto wa huku, ambaye nyumbani husalimiwa “ugonile” kwa Kinyakyusa na shuleni hufunzwa kwa Kiswahili, tayari ana mengi ya kuyapanga kichwani.

Jambo jengine linalowakosesha wazazi ni kuchanganya mwandiko na maneno. Mtoto ana maneno elfu na mkono wa maneno matano. Mwache aseme, wewe uandike. Mama mmoja wa karibu na Itungi alinionyesha daftari ambalo bintiye alikuwa amesimulia habari za kungu, wale wadudu wadogo wanaoruka juu ya ziwa kama wingu la moshi. Mama ameandika nusu ukurasa kama binti alivyosema. Chini yake binti amenakili sentensi moja tu, ya kwanza, kwa herufi kubwa zilizopinda. Mimi nililiona daftari lile kuwa bora kuliko daftari lililojaa alifu mia nne.

Wazee wenzangu huniambia: “Sisi tulipigwa, tukaandika mbao mpaka vidole vikafa ganzi, na tumejua.” Ni kweli, tumejua sisi tuliobaki. Lakini waliotoroka chuo wakaenda zao baharini, nani aliwahesabu? Hawapo hapa kutoa ushahidi.

Upande wa pili pia pana kosa, na siku hizi ndilo linalozidi: mzazi asiyefundisha siku sita, kisha siku ya saba akamkalisha mtoto saa nzima ili kufidia. Mvua haikunyeshi hivyo ukavuna mpunga. Mistari mitatu kila siku, hata siku ya wageni, hata siku ya mafuriko, kwa muda wa mwaka, ni zaidi ya mistari elfu. Ihesabu mwenyewe.

Yule mfanyabiashara alikubali, kwa shingo upande. Akaitoa msahafu peke yake asubuhi, kwa kusoma na kusikiliza tu. Daftari likangoja mpaka baada ya laasiri, dakika kumi, juu ya mkeka, na mama yupo karibu. Tumbo lilipona wiki ile ile. Mwandiko haukupona upesi hivyo; mpaka leo wau zake zina mikia mirefu ajabu. Lakini mtoto mwenyewe ndiye anayelitafuta daftari, na juzi alimwandikia bibi yake aliyeko Bagamoyo mistari minne bila ya kuamrishwa.

Limebaki swali moja ambalo akina mama huniuliza kwa kunong’ona: mtoto anayeshika kalamu kwa mkono wa kushoto. Kula na kunywa tumeamrishwa mkono wa kulia, na hayo afundishwe kwa upole tangu mwanzo. Kalamu mjaribishe kulia siku chache. Ukiona tabia yake inarudi kushoto, muache, wala usimfunge mkono wala usimchape. Kwa Kirumi, kichwa cha daftari lake kielekee kidogo upande wa kulia ili aone anachoandika. Kwa Kiarabu ana nafuu kuliko sisi sote, kwani mkono wake watangulia mbele ya kalamu na hauufuti wino.