Mahame Yetu Si Makao ya Mizuka



Ni watoto wachache wa pwani waliokua wasisikie habari za Gede. Huambiwa kwamba ndani ya msitu ule, karibu na Watamu, jua likipinda husikika nyayo za watu wasioonekana. Na kwamba aokotaye kigae cha sahani akaenda nacho kwake hapati usingizi mpaka akirudishe. Hata James Kirkman, Mwingereza aliyeanza kuyafukua mahame hayo mwaka 1948, aliandika kuwa alihisi kana kwamba anatazamwa kutoka nyuma ya kuta.

Sisi hatukanushi kuwepo kwa majini. Qur'ani ina sura nzima yenye jina lao. Wala hatuwadharau wazee waliotusimulia, kwani hofu imezuia mikono mingi isibomoe kuta kwa kutafuta hazina. Lakini hofu ina gharama yake, nayo tuliiona siku tulipowapeleka wanafunzi wetu wa madrasa kule. Penye Msikiti Mkuu, mtoto mmoja alikataa kuvuka kizingiti. Akatuuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, waliokuwa wakiswali hapa ndio waliogeuka majini?"

Swali hilo lilituchoma. Mtoto huyu humsomea marehemu babu yake Yasini kila usiku wa Ijumaa. Lakini hawa, Waislamu kama babu yake, amefundishwa kuwakimbia.

Tulimjibu kwa kumwonyesha. Hii ndiyo mihrabu, imeelekea kibla kile kile tukielekeacho sisi. Hiki ni kisima, na hili ni birika la kutawadhia. Lile ni kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yapata 1399 Miladia. Waliokaa hapa walikuwa na vyombo vilivyotoka China. Na walipoondoka, wataalamu wanataja sababu za kidunia: maji kuzama visimani, Wazimba waliopita wakiangamiza miji mwaka 1589, mtawala wa Malindi kuhamia Mombasa, na mashambulizi ya Waoromo. Hawakugeuka chochote. Waliokufa walikufa kama tutakavyokufa sisi, na waliosalia wakahama. Mtoto akavua viatu, akaingia.

Tazameni Takwa, kisiwani Manda. Huko nako kuna magofu ya mji na msikiti. Watu wa Shela, ambao husimulia kuwa wazee wao walitoka huko, wana desturi ya kwenda kumwomba Mwenyezi Mungu mvua. Hawaendi kwa kutetemeka, kwani mjukuu haogopi nyumba ya babu yake.

Hilo ndilo tunalowaomba wazazi. Hadithi za jioni zisimulieni, zina utamu wake. Ila msiishie hapo. Mwambieni mtoto walioishi pale walikuwa nani kwake, na apitapo makaburini awatolee salamu kama Mtume (S.A.W.) alivyotufundisha. Akijua hivyo hataokota kigae, si kwa kuchelea kukosa usingizi, bali kwa kuwa mtu haibi kwao.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kizazi kitakachotukumbuka sisi kwa dua, si kwa mizuka. Amin.