Nukta Inayohama

Msiba wa Mzee, fundi nondo aliyemlea kazini, ndio uliomfanya mhandisi mmoja mstaafu ashike kalamu aandike kumbukumbu zake. Ya utotoni aliyamaliza haraka: alizaliwa Tanga, baba karani kwenye shamba la mkonge, mama muuza mandazi, kisha akaingia Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1973. Alitoka huko akizijua hesabu za boriti. Kuisoma boriti yenyewe alifundishwa na Mzee, saitini.

Boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili ikibebeshwa mzigo hubonyea katikati: tumbo huvutwa, mgongo hugandamizwa. Zege huvumilia mgandamizo lakini mvuto huipasua, kwa hiyo nondo hulazwa chini. Boriti ikiendelea juu ya nguzo ya tatu, mambo hupinduka. Juu ya nguzo ya kati mgongo ndio unaovutwa, na nondo zinatakiwa juu. Kati ya hali hizo mbili pana mahali ambapo momenti ya kupinda ni sifuri na mpindo hugeuka upande.

Nukta hiyo ndiyo iliyozua ugomvi anaoukumbuka mpaka leo.

Lilikuwa ghala la Dar es Salaam, boriti zake zina spani mbili (nafasi kati ya nguzo na nguzo) za mita 6 kila moja. Mshauri wa mradi alichora nondo zote za juu zikatwe mita 1.5 kutoka nguzo ya kati, robo ya spani. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa hali moja: mzigo sawa pande zote mbili.

Mzee aliutazama mchoro, akamgeukia mhandisi. "Binti yangu, na magunia wakiyajaza upande mmoja?"

Usiku ule mhandisi alikaa akapiga hesabu. Mzigo wa magunia ukilingana na uzito wa kudumu, na ukawekwa spani moja tu, nukta ya sifuri kwenye spani tupu huhama kutoka mita 1.5 hadi mita 2.25. Yaani sentimita 75 za mgongo zinavutwa na ndani yake hamna hata nondo moja ya kazi. Swali la Mzee, ambaye hakuwahi kuketi darasa la uhandisi, lilikuwa zito kuliko kurasa zote za mshauri.

Alipoonyeshwa hesabu hiyo, mshauri alijitetea kwa kumtaja Heinrich Gerber, Mjerumani aliyepata hataza ya boriti zenye bawaba mwaka 1866. Daraja la Forth kule Uskoti, lililofunguliwa 1890, limejengwa kwa wazo la jamii hiyo: mikono mikubwa ya chuma imebeba vipande vya kati vilivyoegeshwa nchani mwake. Lakini utetezi huo uligeuka ushahidi dhidi yake. Gerber aliweka bawaba, na bawaba huilazimisha sifuri ibaki pale ilipowekwa, mzigo uwe kushoto au kulia. Boriti ya zege iliyomwagwa kwa mfululizo haina bawaba, hivyo sifuri yake hutembea.

Mshauri ndiye aliyekuwa na saini, na nondo zikakatwa alivyotaka. Miaka michache baada ya ghala kuanza kujazwa, nyufa zilianza kujitokeza upande wa juu wa boriti, karibu kabisa na mwisho wa nondo. Mzee alipoonyeshwa aliuliza tu kama magunia yameshaondolewa.

Kanuni za Uingereza za BS 8110, zilizotumika sana Afrika Mashariki, zilikuwa na tahadhari hiyo tangu 1985. Angalau asilimia 20 ya nondo za juu zipite spani nzima, na nusu ya zilizobaki zifike robo ya spani. Na hata kanuni hiyo rahisi ilikusudiwa boriti zenye spani zinazokaribiana na mzigo ambao kwa sehemu kubwa umesambaa kwa usawa.

Siku hizi kompyuta huchora mstari wa momenti kwa sekunde, na vijana huiona sifuri wakadhani pale hapahitaji chuma. Kwao anaandika: pakieni spani moja, kisha nyingine, kisha zote, mkachukue nukta iliyo mbali kuliko zote. Na msikate hapo hapo: ipitisheni nondo mbele kwa kina cha boriti au mara 12 ya kipenyo chake, chochote kilicho kikubwa. Na fundi nondo akiwauliza swali, mjibuni kwa hesabu kabla zege haijamwagwa.