Ramani nne na karatasi ya ukutani

Huku Uholanzi kila jengo lina namba yake katika daftari moja la serikali liitwalo BAG. Sheria yake ilianza kutumika mwaka 2009, na ofisi za umma, kubwa kwa ndogo, hulazimika kulitumia hilo hilo. Ofisa akihisi kuna kosa haruhusiwi kunyamaza. Lazima atoe taarifa ili lirekebishwe. Ndiyo maana anayesomea uzamivu wa kuunganisha taarifa za kijiografia huku huanza kazi akiwa ametulia: ramani mbili zikigombana, mwamuzi yupo.

Mji wa Enschede una chuo cha ITC, kilichoanzishwa Delft mwaka 1950 na sasa kiko ndani ya Chuo Kikuu cha Twente. Kwa miaka mingi kimepokea Waafrika na Waasia, wengine wakifanya sehemu ya utafiti huku na sehemu kwao. Mtu hufundishwa kulinganisha majina kwa kompyuta, kuhamishia ramani za zamani kwenye vipimo vya setelaiti (usipofanya hivyo, mto unaweza kuhama mita mia kadhaa), na kupima chanzo kipi kiaminiwe zaidi. Elimu nzuri, sina ugomvi nayo.

Sasa tuipeleke Salamabila, teritwari ya Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo. Wizara ya Afya inayo zoni ya afya inayoitwa Saramabila, kwa r, moja kati ya zoni 18 za mkoa. Sisi wa huko tunatamka vyovyote na tunaelewana, lakini kompyuta itaweka vituo viwili hadi iambiwe ni kimoja. Hilo ni jepesi. Gumu zaidi ni karatasi za kale zinazoiweka Kabambare ndani ya Kivu, kwa sababu Maniema ilitengwa na Kivu kuwa mkoa mwaka 1988. Wala hakuna hesabu mpya ya watu ya kutusaidia: sensa ya mwisho ya taifa ni ya 1984.

Kisha kuna ramani ya madini. Kwa Sheria ya Madini ya 2002, vibali hugawanywa kwa miraba ya hekta 84.955, mistari ikienda kaskazini-kusini na mashariki-magharibi. Mraba haujui kilima, shamba wala makaburi. Miraba ya Namoya, jirani na Salamabila, ilikuwa ya kampuni ya Banro ya Kanada, iliyoanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 na kusimamisha kazi mwaka 2019 kwa sababu ya usalama. Watafiti wa IPIS wa Antwerp wao huchora machimbo ya wachimbaji wadogo mashariki mwa Kongo: wanachimba nini, na nani mwenye bunduki anayewatoza. Weka ramani hizi mbili juu ya meza. Mahali pamoja, upande mmoja panaitwa mali ya kampuni, upande wa pili ni shimo ambalo kijana analitegemea kwa chakula cha jioni.

Hapo ndipo somo la huku linaponikwaza. Programu itaomba uchague chanzo bora na kukiacha kingine, kana kwamba mmoja kapima vibaya. Hakuna aliyepima vibaya. Kampuni na wachimbaji wanagombania ardhi, na ugomvi huo ndio taarifa yenyewe. Ukiufuta ili ramani ipendeze, umempa mmoja ushindi bila kesi.

Ramani ya nne ni ya mapaa. Mradi wa GRID3 umesaidia kuchora makazi ya Kongo kutokana na picha za setelaiti, na kwa chanjo ni msaada mkubwa. Ila setelaiti huona paa, haimuoni aliyekimbia. Wapiganaji wa kundi la Malaika na jeshi wakipambana, kijiji kinabaki na nyumba zake zote huku wenyewe wako porini au wamefika mji wa Kasongo.

Anayejua ni muuguzi mkuu wa kituo. Ukutani pake pana karatasi kubwa iliyochorwa kwa kalamu: mto, shule, kanisa, msikiti, saa ngapi kwa miguu. Marele wa jamii, wale wahudumu wa afya wa kujitolea, wakirudi na habari, anafuta na kuandika upya. Yeye huunganisha vyanzo kila wiki, wala hakuna anayempa shahada.

Wasomi wa Ulaya kujifunza kwetu si jambo geni. Miaka ya 1970 madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp walikuja Kasongo kujaribu huduma za afya za wilaya, na waliyojifunza pale yakaingia kwenye masomo yao Ulaya. Wakati ule Kasongo ilikuwa darasa.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wanaopanga masomo ya uzamivu, iwe Twente au chuo cha ERAIFT cha Kinshasa, ni dogo. Mwanafunzi akae kwanza na muuguzi huyo wakati wa kupanga chanjo ya surua, kabla ya kuandika mstari wowote wa programu. Na katika hazina yake ya data, kila mpaka na kila kijiji kiwe na safu mbili za ziada: nani alisema, na lini. Pale wanapopingana, aziache kauli zote mbili zionekane kwenye ramani, hata kama msimamizi wake atalalamika kwamba mistari inakatana.