Mji Mkongwe, Mume Wangu na Hela ya Friji

Kuna siri nyingine zina uzito wa kupimika kwenye mizani. Yangu ilijaza begi zima la mgongoni, na niliibeba mwenyewe kutoka Dar hadi Unguja kwa boti.

Tulikuwa tunaadhimisha miaka mitano ya ndoa. Mume wangu alijua nimeazima kamera kwa rafiki. Kumbe nilikuwa nimeinunua, tena kwa hela tuliyokuwa tunadunduliza wote wawili kwa ajili ya friji!

Hii si kamera ya kubofya na kwenda zako. Mbele ina ubao wenye lenzi, nyuma kioo chenye ukungu, na katikati mfuko unaokunjuka kama akodiani ya taarabu. Kila picha ina kipande chake cha filamu cha inchi 4 kwa 5, zaidi ya mara 12 ya eneo la picha ya filamu ya kawaida ya milimita 35. Ndiyo maana hata ufa mdogo wa chokaa ukutani unaonekana. Nilikuwa na vipande sita tu, viwili kila kasha. Unavipakia gizani kwa kupapasa: mikato midogo ya pembeni ikiwa juu kulia, upande wenye dawa unakutazama.

Jumamosi saa 12:30 asubuhi tukaingia vichochoro vya Hurumzi. Mume wangu alibeba stendi ya miguu mitatu, kanuna.

"Hivi mke wangu, tumekuja kula raha au kupima viwanja?"

Nikajifunika kaniki kichwani ili nione kioo. Mji Mkongwe wote ulikuwa kichwa chini miguu juu: baraza angani, mabati chini. Nyumba za pale ni ndefu na kichochoro ni chembamba. Ukiinua kamera ya kawaida kutazama juu, kuta zinaonekana kulala. Hapa unaiacha kamera wima, unapandisha ubao wa lenzi peke yake, na kuta zinasimama sawasawa.

Mzee mmoja akasimama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Mashine za namna hiyo ndizo zilizotupiga sie."

Hakukosea. Studio ya Ranchhod Oza, Capital Art Studio, ilianza mjini hapo mwaka 1930.

Picha ya kwanza niliiharibu: nilivuta kifuniko cha kasha kabla ya kufunga lenzi. Ya pili nikasahau kurudisha kifuniko. Mume wangu akaninyang'anya karatasi yangu ya maelekezo, akaanza kunisomea kama karani: "Funga lenzi. Tega shata. Ingiza kasha. Vuta kifuniko." Ya tatu ikaenda vizuri. Ya nne pia.

Ya tano nikamwambia asimame mbele ya mlango wa nakshi. Kulikuwa na kivuli, hivyo nilihitaji sekunde moja nzima. Sasa, kasha likishaingia, kioo kinazibwa. Unatoka kwenye kaniki, unasimama pembeni ya kamera, unamtazama mtu wako macho kwa macho. Hakuna pa kujificha.

"Usitikisike," nikasema. "Kamera si ya kuazima. Ni hela ya friji."

Nikafyatua.

Hakusema kitu. Akakunja stendi, tukarudi hotelini kimya. Jioni, Forodhani, kwenye bakuli la pili la urojo, ndipo aliposema: "Siyo kamera iliyoniuma. Ni kuazima." Nikaomba msamaha, na safari hii sikuongeza hadithi.

Friji ilichelewa miezi minne. Picha ya tano iko sebuleni. Uso wake umetulia kabisa, ila mkono wa kulia ni ukungu mtupu. Alikuwa anakunja ngumi.

UKITAKA KUANZA
• Tafuta kamera iliyotumika, lenzi ya milimita 150 na stendi imara.
• Kagua mfuko wa kamera gizani kwa tochi. Tundu dogo tu linaharibu picha.
• Anza na filamu ya nyeusi na nyeupe. Inasamehe makosa zaidi kuliko ya slaidi.
• Fanya mazoezi ya hatua zote bila filamu mpaka mikono izoee.
• Mwambie mwenzio bei. Kabla.