Nchi ya Ghali na Daftari la Nyumba

Wengi wenu mna mwana, au ndugu, au mwanafunzi wenu wa zamani, aliyekwenda kukaa katika nchi za mbali, na kila zifikapo habari zake, neno la kwanza linaloulizwa ni hili: "Apata kiasi gani?" Sisi tu katika hao waliokwenda. Leo twataka kuwaeleza jinsi tulivyojifunza kuishi katika nchi ambayo kila kitu chake ni ghali, na jinsi kosa letu wenyewe lilivyotugharimu kuliko bei za madukani.

Kwetu ni Ifakara. Mwaka 2019 tulihamia Basel, katika nchi ya Uswisi, mume na mke na watoto wawili, kwa kuwa mama wa nyumba alipata nafasi ya kusoma mambo ya afya. Jina la Basel si geni kwetu, maana watu wa taasisi ya mji huo ndio waliofungua maabara ya utafiti pale Ifakara mwaka 1957. Kwa hiyo tulidhani twaenda mahali tunapopajua. Lakini kujua jina la mji si kujua bei ya mkate wake.

Baba wa nyumba alipata kazi katika jiko la nyumba ya wazee. Julai 2022 jimbo la Basel-Stadt lilianza kutumia sheria ya ujira wa chini, ambayo wananchi waliipigia kura mwaka 2021: faranga 21 kwa saa. Kwa saa 42 za juma, hizo ni kama faranga 3,800 kwa mwezi kabla ya makato. Siku ile tuliketi tukazigeuza kuwa shilingi, tukaona zapata milioni 9. Tukafurahi mno, na jioni ile ile tukapiga simu nyumbani kuwapa habari. Hapo ndipo tulipokosea. Tuliwaambia mapato, matumizi hatukuwaambia.

Sasa na tuyataje. Baada ya makato, ujira pamoja na posho ya masomo ya mama ulikuwa faranga 4,550 kwa mwezi. Kodi ya nyumba ya vyumba vitatu ilikuwa 1,500. Bima ya afya ya watu wanne, 1,020. Chakula, 900. Malezi ya mtoto mdogo wakati wa kazi na masomo, 700. Tramu, 160. Jumlisha, utaona zimebaki 270; na katika hizo utoe umeme, viatu vya watoto, ambao miguu yao haingoji mwisho wa mwezi, na ada ya redio na televisheni ambayo kila nyumba hulipa, awe na televisheni au hana.

Mtu akiuliza kwa nini nchi hii ni ghali hivi, sababu ni nyingi. Ujira ni mkubwa, na anayekuuzia mkate, na anayekunyoa, na anayekutengenezea bomba, naye yampasa alipwe ujira huo. Tena ushuru huzuia nyama na maziwa ya nje yasiwaangushe wakulima wa nchini. Na faranga yenyewe ina nguvu kuliko fedha za majirani. Basi mwenye kupokea kingi hutoa kingi, na mgeni huona mkono wa kupokea kabla hajauona mkono wa kutoa.

Hatukukaa bure. Tulijifunza uwekevu kama watu wa mji wenyewe wanavyoufanya. Basel i mpakani. Tangu mwaka 2014 tramu ya namba 8 hukufikisha Weil am Rhein, katika nchi ya Ujerumani, ambako nyama yapata nusu ya bei. Jumamosi hutawaona watu na vikapu vyao ndani ya tramu hiyo, wenye kazi kubwa na wenye kazi ndogo pamoja. Lakini mpaka una sheria zake: nyama ni kilo 1 kwa mtu kwa siku bila ushuru, na vitu vyote pamoja, vilivyoruhusiwa kuingia bila kodi hata thamani ya faranga 300 kwa mtu, tangu Januari 2025 vimepunguzwa kuwa faranga 150. Tulijifunza pia kwenda dukani saa ya jioni, wakati vyakula vinavyokaribia siku yake ya mwisho hubandikwa karatasi ya nusu bei. Vyombo na vitanda tulivinunua katika maduka ya vitu vilivyokwisha kutumika, yaitwayo Brockenstube. Na meza tuliyoandikia barua hii tuliiokota njiani, imebandikwa neno Gratis, yaani "bure", maana ndiyo desturi ya mji huo mtu kumwachia mwenzake asichokihitaji.

Tulifarijika tuliposikia ya kwamba hata Waswisi wenyewe walilia zamani kwa ajili ya bei. Mwaka 1925 mtu mmoja wa Zürich, Gottlieb Duttweiler, alipeleka motokaa tano mitaani kuuza vitu sita tu kwa bei nafuu: kahawa, mchele, sukari, tambi, mafuta ya nazi na sabuni. Ndio mwanzo wa duka la Migros, ambalo leo ni kubwa mno. Tulicheka tuliposoma orodha hiyo. Ingefaa kabisa duka la kwetu Ifakara.

Lakini uwekevu mmoja ulitudanganya. Sheria iliyoanza kazi mwaka 1996 humlazimu kila mkaaji wa Uswisi kuwa na bima ya afya, na ada yake haipimwi kwa mapato ya mtu. Ila mtu mzima akikubali kubeba mwenyewe faranga 2,500 za kwanza za matibabu yake ya mwaka, badala ya 300, ada ya mwezi hupungua. Tulikubali, tukasema, "Sisi tu vijana, tu wazima." Hatukuwa na hizo 2,500 mahali popote. Huo haukuwa uwekevu, ulikuwa kamari.

Oktoba 2022 kaka mkubwa akatuandikia kwamba bati za nyumba ya Mama zimeoza, na mvua haipo mbali. Zahitajiwa shilingi milioni 2 na laki 4. Kwa mtu apataye milioni 9 kwa mwezi hilo lilikuwa ombi dogo, nasi ndio tuliomwambia milioni 9. Tukaona haya kukataa. Tukakopa faranga 1,000 kwa mwenzetu wa kazini, tukazituma, wala hatukusema kwamba ni mkopo. Mwezi uliofuata mama wa nyumba akashikwa na maumivu usiku. Yakaonekana mawe katika kibofu cha nyongo, akapasuliwa. Tulishukuru akapona. Ndipo ikaja hesabu: faranga 2,500 tulizojitwika wenyewe, na sehemu ya kumi ya gharama iliyozidi hapo, ambayo kwa sheria haipiti 700 kwa mwaka. Ikawa 3,200 kamili.

Katika nchi hiyo deni lisilolipwa huweza kuandikwa katika daftari la serikali la wadaiwa, na mwenye nyumba hutaka kuona karatasi ya daftari hilo kabla hajakupa chumba. Kwa hiyo tulilala kwa hofu. Baba aliumwa jino akanyamaza, maana bima ya lazima kwa kawaida haitibu meno. Na nyumbani je? Tuliacha kupiga simu. Kaka alipopiga, tulitazama jina lake likimulika mpaka likazimika. Tulihofu asituombe, naye, kama tulivyojua baadaye, alihofu kwamba tumekwisha kuwadharau.

Aliyetutoa hapo ni bibi mmoja jirani, Mswisi, mjane aliyepita miaka sabini. Siku moja alimkuta mama wa nyumba ngazini akilia na ile barua mkononi. Akamkaribisha chai, akatoa daftari lake mwenyewe, ambamo kila senti ya nyumba yake imeandikwa tangu mumewe alipofariki. Akauliza, "Je, mmeomba punguzo la ada ya bima?" Mama akajibu, "Hatujafika hali ya kuomba sadaka." Yule bibi akaweka kikombe chini, akasema, "Si sadaka. Ni sheria, na mimi mwenyewe napewa."

Ndugu, neno hilo lilituingia sana. Miaka mitatu tulikuwa tumeishi karibu na mlango ulio wazi, tukaona haya kuugonga. Kwa nyumba zenye mapato madogo jimbo hulipa sehemu ya ada ya bima, lakini katika Basel ni lazima mtu aombe. Tukaenda, tukajaza karatasi, tukapewa. Fedha ya miaka iliyopita hatukuipata. Na lile deni la hospitali tulikubaliwa kulilipa kidogo kidogo. Kumbe ilihitaji tu barua moja ya kueleza hali yetu. Mwaka uliofuata tukarudi katika bima ya kubeba 300. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tulificha umaskini, nao ukazaa umaskini mwingine.

Iliyobaki ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kuwaambia nyumbani. Kwa simu hatukuweza. Tukanunua daftari kama la yule bibi, tukaandika mwezi mzima, mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili, tukalipiga picha na kumpelekea kaka, na maneno haya: "Kaka, tusamehe. Tulikuambia nusu ya habari. Hii hapa nusu ya pili."

Siku tatu hapakuwa na jibu. Siku hizo zilikuwa ndefu. Ya nne kaka akaandika: "Mdogo wangu na shemeji yangu, nimemsomea Mama. Ameuliza kama mnakula. Nami niwaambie langu. Bati nilikuwa nimekwisha kukopa kwa mwenye mashine ya mpunga kabla fedha zenu hazijafika, kwa kuwa niliona haya kuwaambia kwamba mvua imetangulia. Fedha zenu nililipa deni. Sikutaka mjue kwamba mkubwa wenu ameshindwa kumwezekea mama yake." Tulisoma mara mbili, kisha hatukusema neno kwa kitambo. Pande zote mbili za bahari tulikuwa tukikopa ili kuficha mkopo.

Tangu siku hiyo tuna desturi. Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya chakula, twafungua daftari mezani na kulisoma kwa sauti, watoto wakisikia. Mtoto mkubwa ndiye ajumlishaye, nasi twamsahihisha, naye haombi tena viatu vya wenzake, huuliza kwanza, "Vimo katika daftari?" Kisha twampelekea kaka, naye hutuletea lake: mpunga uliouzwa, ada ya shule, dawa za Mama. Tulipoona lake tuliweza kusema bila haya, "Mwezi huu tutatoa faranga 50, wala hatuwezi zaidi," naye ameweza kujibu, "Mwezi huu msitume."

Nchi haijawa rahisi. Mwaka baada ya mwaka ada ya bima imepanda, na kilo ya nyama ni ile ile moja mpakani. Lakini tumeona kwamba bei kubwa mtu huweza kuipunguza kwa akili, kwa kutembea, kwa kungoja, na kwa kuuliza. Bei ya kuona haya haipunguzwi na duka lolote, na huja na riba.

Basi ninyi wazazi na walimu mlio na watu wenu ugenini, au hata katika miji yetu wenyewe ambako kodi ya chumba humeza mshahara, twawaomba neno moja. Mkimwuliza, "Wapata kiasi gani?" mwulizeni tena, "Na wabakiwa na kiasi gani?" Huenda akanyamaza kidogo. Mngojeni. Sisi tulingoja miaka mitatu kuulizwa hivyo, na aliyetuuliza hakuwa ndugu yetu.