Gobore, Podo na Klipu ya Mwezi: Daftari la Safari ya Dodoma

Mpwapwa ndipo misafara ya pwani ilipopumzika kabla ya kuingia Ugogo. Wapelelezi Burton na Speke walipita njia hii mwaka 1857 wakielekea Ujiji, Stanley akaipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na wafanyabiashara wa Unguja walikuwa wameizoea tangu kabla yao. Misafara mikubwa ilibeba magobore kwa mamia. Hata hivyo, ilipofika kwa watemi wa Kigogo ilifungua marobota ya nguo na kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kituo baada ya kituo.

Sababu ya kwanza ilikuwa maji. Visima vilikuwa vya Wagogo, na kiangazi cha hapa hakimhurumii mgeni. Lakini ipo sababu ya pili ambayo wanahistoria huipita haraka, nayo ni gobore lenyewe. Gobore hujazwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha risasi, kisha ufito wa kushindilia. Mpigaji hodari alifyatua mara mbili au tatu kwa dakika, tena akiwa amesimama wazi. Mtu mwenye mkuki aliyejificha vichakani hakuhitaji dakika nzima kumfikia.

Mzee mmoja mkulima, nje kidogo ya mji, alinieleza jambo hilohilo alipokumbuka enzi za kulinda shamba dhidi ya nguruwe-mwitu. "Ukikosa, mjukuu wangu, la pili huna. Hapo ni mti au miguu."

Niliondoka Mpwapwa na swali hili: risasi ya pili inatoka wapi, na inakuja upesi kiasi gani? Kila nilikofika katika nyanda hizi nililinganisha silaha kwa kipimo hicho, wala sikujali sana urefu wa mtutu au ukubwa wa mlio.

Jibu la kale kuliko yote liko kaskazini, upande wa Kondoa na Chemba. Katika majabali ya Kolo watu wa kale walichora kwa rangi nyekundu wanyama na watu wembamba, warefu. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili michoro ya eneo hili mwaka 1951, na UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Magharibi yake, kuelekea Kwa Mtoro, ni nchi ya Wasandawe, watu waliosifika kwa upinde na mshale wa sumu. Mwindaji alibeba mishale yake ndani ya podo, kila mmoja ukiwa umekamilika: kigumba, uti na manyoya, hakuna cha kupima wala kushindilia. Mkono ukirudi begani unarudi na mshale. Kwa kipimo changu, podo linalishinda gobore, na sioni haya kulisema. Aliyeleta gobore bara alileta kishindo na risasi ya kutoboa ngao, lakini kwa wepesi wa kurudia alirudi nyuma.

Kondoa mjini hesabu inabadilika. Aprili 1916 jeshi la Afrika Kusini chini ya van Deventer liliingia Kondoa Irangi, farasi wake wakiwa wamekufa kwa wingi njiani na mvua za masika zikiikata barabara ya chakula. Usiku wa tarehe 9 Mei, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashambulia hapo, akashindwa kuwang'oa. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914 askari wake wengi walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja na baruti ya moshi. Kila mlio ulionyesha mpigaji alipo. Meli ya Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916 zilipenya kizuizi cha Waingereza zikaleta silaha mpya. Upande wa pili, wa Waingereza, walikuwa na bunduki ya Lee-Enfield: magazini ya risasi kumi, inayojazwa kwa vibano vya chuma vya risasi tano tano. Unaweka kibano juu, unasukuma kwa kidole gumba, risasi zinashuka, kibano unakitupa. Kipande cha bati kisichofika uzito wa risasi moja kiliongeza kasi ya jeshi zima. Julai 29 mwaka huohuo van Deventer aliingia Dodoma na reli ya kati ikakatwa.

Maofisa wa Kiingereza wa vita vile walivaa kiunoni rivolva ya Webley ya inchi .455. Inavunjika katikati kama bawaba ya mlango, na maganda yote sita yanaruka kwa pamoja kwa sababu kila ganda lina ukingo kitakoni wa kukamatwa. Rivolva ilihitaji ukingo ule. Mwaka 1917 Wamarekani walikumbana na shida ya kinyume: walikuwa na risasi tele za .45 za bastola ya kawaida, zisizo na ukingo, lakini bastola hazikuwatosha. Colt na Smith & Wesson wakaombwa watengeneze rivolva za kuzitumia. Dawa ilikuwa klipu ya nusu mwezi, kibati chembamba kinachoshika risasi tatu kwenye mfuo wa kitako. Viwili vinajaza silinda. Baadaye ikaja klipu ya mwezi mzima ya risasi sita. Tofauti na kibano cha bunduki, hii inaingia ndani pamoja na risasi, na inatoka na maganda. Ni podo linaloingia kwenye upinde.

Dodoma mjini, rafiki yangu mstaafu anayemiliki kwa leseni rivolva ya milimita 9 inayojazwa kwa klipu hizi alinimwagia klipu zake mezani, na hapo nilikaa sana.

Unene ndio wa kwanza kuangaliwa. Mfuo wa ganda haulingani kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Klipu nyembamba kwenye mfuo mpana huacha risasi zikichezacheza, na vichwa vyake havioni matundu ya silinda mkono ukiwa na haraka. Nene mno hukataa kuingia, ukilazimisha inapinda. Kwa hiyo chagua risasi ya kiwanda kimoja, kisha klipu inayolingana nayo, na usichanganye. Risasi ya kichwa cha mviringo huteleza ndani upesi kuliko ya kichwa bapa.

Klipu iliyopinda ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Inasugua nyuma ya silinda, silinda inakuwa nzito kuzunguka au inagoma kabisa. Rafiki yangu hulaza kila klipu tupu juu ya kioo na kuikagua kwa jicho. Inayonyanyuka upande mmoja anaitupa. Wanaozipinda ni wale wanaong'oa maganda kwa koleo. Kuna kifaa chake maalumu, mfano wa bomba fupi, kinachonyonga ganda moja moja bila kuumiza bati. Mwezi mzima ni wa kujaza haraka. Nusu mwezi unalala vizuri mfukoni na unakuruhusu kujaza nusu ya silinda. Vyovyote, ibebe ndani ya kikasha kigumu, mbali na funguo.

Halafu kuna vumbi. Mtu wa Dodoma analijua vumbi hili la Julai na Agosti, linaloingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Chembe chache zikikaa chini ya nyota ya kusukumia maganda, klipu inanyanyuka na silinda inabana. Kila siku ya upepo ni siku ya brashi.

Baada ya vita vya pili vya dunia Webley nyingi ziliuzwa Marekani, silinda zikachongwa nyuma ili zimeze .45 kwa klipu za mwezi. Ziko hadi leo kwa wakusanyaji. Zisijazwe risasi ya .45 ya nguvu kamili, kwani shinikizo lake linazidi lile ambalo Webley iliundiwa.

Hukumu yangu ni hii. Kwa kasi, klipu ya mwezi imeshinda kila nilichokiona kati ya Mpwapwa na Kolo. Lakini kwa mtu wa nyanda hizi anayemiliki rivolva chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na asiye na subira ya kioo na brashi kila wiki, rivolva ya .38 yenye risasi za ukingo inamfaa zaidi. Inajazwa polepole, moja moja, na haitegemei kibati chochote. Ukiamua kuchukua ya klipu, nunua klipu nyingi za aina moja, jizoeze kwa risasi bandia, na ile yenye shaka usiirudishe kikashani.