Mgonjwa Kwanza, Jina la Ugonjwa Baadaye

Maisha ya kazi ya mwalimu wa uuguzi hayana mengi ya kusimuliwa barazani. Zamu hufanana, wanafunzi huja wakiwa wageni na kuondoka wakiwa wenzetu kazini, na baada ya yote hayo mtu hubaki na msimamo. Wangu nimeupata kwa kuwauguza na kuwafundisha kuwauguza watu wa tambarare hii ya Kahe, Mabogini na Arusha Chini, wakulima wa mpunga na mahindi, wafugaji, vibarua wa mashamba ya miwa, ambao kwa ugonjwa mdogo huishia zahanati ya kijiji na kwa ugonjwa mkubwa hupandishwa Moshi, hospitali ya Mawenzi au ya KCMC. Ninasema hivi: mwanafunzi anayerudia somo la uuguzi wa magonjwa ya ndani na upasuaji asianze na majina ya magonjwa. Aanze na mambo machache yanayoshindikana mwilini kabla mtu hajafa, yaani pumzi, mzunguko wa damu, fahamu, sukari, maji na mkojo. Majina ayapange chini ya hayo. Najua mpango huu unawaudhi baadhi ya walimu wenzangu, na hoja zao si za kupuuzwa. Nitazijibu moja baada ya nyingine.

Daftari la mwanafunzi lina sura moja karibu kila chuo. Kila ugonjwa una vichwa vilevile: maana, visababishi, dalili, vipimo, matibabu, madhara yanayofuata. Nimonia ina kurasa zake, kisukari kina zake, kuvunjika paja nako kuna zake, na mtihani ukikaribia yote hukaririwa mpaka usiku wa manane. Mpango huo una faida. Vitabu vimepangwa hivyo, mitaala ya cheti na stashahada inaufuata, na kichwa cha mtu hushika kwa urahisi kitu chenye mafungu. Kasoro yake ni kuchukulia kwamba mgonjwa atafika akiwa na jina la ugonjwa tayari, na kwamba jina hilo litakuwa sahihi. Mgonjwa hufika na homa, au amelegea, au anahema, au haitiki anapoitwa. Jina huja baadaye, na mara nyingi jina la kwanza hufutwa likaandikwa jingine. Katika saa hizo za katikati aliye karibu na kitanda ni muuguzi, na daftari lililopangwa kwa majina halimwambii afungue ukurasa upi.

Ushahidi wa jambo hili uko hapahapa. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa na homa KCMC na Mawenzi, na matokeo yakachapishwa 2013. Waliolazwa kwa jina la malaria walikuwa 528, yaani zaidi ya 60 katika kila 100. Maabara zilipomaliza kazi, ambao homa yao ilitokana na malaria walikuwa 14. Baadhi ya waliobaki walikuwa na bakteria kwenye damu, wengine chikungunya, na wengi wakawa na magonjwa yatokayo kwa wanyama: leptospirosisi inayoenezwa na mkojo wa panya na mifugo, homa ya Q, homa za kupe, na bruselosisi, ule ambao wafugaji huuita ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa hao wa chikungunya na wa magonjwa ya wanyama, hakuna hata mmoja ambaye ugonjwa wake ulitajwa kama uwezekano siku ya kulazwa. Asiyapokee mtu matokeo hayo kama lawama kwa madaktari. Homa hizo zote hufanana siku za mwanzo, na vipimo vilivyozibainisha havikuwa vya wodini. Kwa muuguzi maana yake ni kwamba jina lililoandikwa juu ya faili ni dhana ya saa ile, lakini mgonjwa anayehema pumzi 32 kwa dakika ana pumzi 32 hata faili liseme nini.

Kinachopatikana kwa kusoma mwili kwanza kinaonekana vizuri kwenye chati. Chukua mfano wa mtu mzima aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo mchana. Saa 12 jioni mapigo ni 84, pumzi 16, presha 122/78. Saa 2 usiku mapigo 98, pumzi 20, presha 118/84. Saa 4 usiku mapigo 116, pumzi 26, presha 112/90. Aliyekariri kwamba mshtuko wa kupungukiwa damu ni presha ya juu kushuka chini ya 90 hataona tatizo. Ataandika kwamba hali inaridhisha na kusogea kitanda cha pili. Anayejua kinachoendelea ndani ataona damu inapotea. Moyo unakimbia kwa sababu damu inayoufikia imepungua. Mishipa midogo imejibana, ndiyo maana presha ya chini inapanda huku ya juu ikishuka, na pengo kati yake limetoka 44 kuwa 34, kisha 22. Pumzi zimeongezeka kwa kuwa tishu zenye njaa ya oksijeni zinazalisha asidi na mapafu yanajaribu kuipunguza. Akishika mkono akaukuta wa baridi, akatazama mfuko wa mkojo akakuta mgonjwa hafikishi nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, ana sababu tosha ya kumwita daktari saa 4 bila kungoja presha ianguke alfajiri. Ndiyo maana nimeshikilia miaka yote kwamba pumzi zihesabiwe dakika nzima. Ile 20 inayojirudia kila mstari wa chati, kwa kila mgonjwa wa wodi, haimsaidii mtu yeyote.

Pingamizi la kwanza ni kwamba jina ndilo linaloleta dawa. Ni kweli. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika na kuchapishwa 2010 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wenye malaria kali waliopewa kwinini walikufa karibu 11, na kati ya 100 waliopewa artesuneti wakafa 8 au 9. Bila jina la malaria hakuna artesuneti. Lakini tazama kilichobaki palepale dawa ilipobadilika. Enzi za dripu ya kwinini tulifundisha kupima sukari ya mgonjwa, kwa sababu kwinini huchochea kongosho kutoa insulini na malaria kali yenyewe hula sukari ya mwili. Kwinini imeondoka kwenye nafasi ya kwanza, na bado mtoto aliyepoteza fahamu anapimwa sukari kabla ya jambo lolote kubwa, maana kwa kumtazama tu huwezi kutenganisha malaria iliyopanda kichwani na sukari iliyoshuka. Zaidi ya hapo, muuguzi anayeanza na mwili husaidia jina lipatikane. Mgonjwa wa homa kutoka Kahe aulizwe kama amekuwa akisimama kwenye majaruba, kama amezalisha ng'ombe au mbuzi majuzi, kama anakunywa maziwa yasiyochemshwa. Majibu hayo yakiandikwa kwenye faili, daktari wa asubuhi anapata pa kuanzia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wanaosoma tafiti. Wanasema kufikiri kwa sababu nako hupotosha. Mfano wao ni utafiti wa maji ya mishipani kwa watoto uliofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo Teule ya Muheza, mji ulio kwenye reli hiihii ya Tanga inayopita Kahe. Hoja ya kifiziolojia ilionekana nyoofu: mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vizuri ajazwe maji kwa haraka, mzunguko urudi. Matokeo ya 2011, kutoka kwa watoto zaidi ya 3,000, yalikuwa kinyume. Waliojazwa maji haraka walikufa kama 10 au 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, na ambao hawakujazwa walikufa kama 7. Ninakubali funzo lote la utafiti huo. Sababu iliyo kichwani ni dhana, nayo hupimwa kwa mgonjwa kama dhana nyingine. Ila funzo hilo linamwangukia vilevile aliyekariri tu kwamba mshtuko hutibiwa kwa maji, tena linamwangukia kwa uzito zaidi, maana yeye hana njia ya kujua lini aache. Muuguzi anayerudia somo kwa mpango wangu hujifunza mambo mawili pamoja: kwa nini natoa kitu hiki, na nitazame nini baada ya dakika 15, 30 na 60. Maji yanakwenda mwilini. Je, mapigo yanashuka, mkojo unaongezeka, au pumzi zinapanda na mapafu yanaanza kukoroma? Asiyerudi kitandani kutazama hajamaliza kuuguza, hata kama hesabu ya matone aliipata sawasawa.

Hesabu yenyewe haina ujanja. Mililita 1,000 kwa saa 8, kwa mpira wa dripu wenye matone 20 kwa mililita, ni matone 20,000 kwa dakika 480, yaani karibu 42 kwa dakika. Kila mwanafunzi aijue mpaka aifanye bila karatasi. Lakini mgonjwa wa moyo na mgonjwa aliyeungua wanaweza kuandikiwa chupa zinazofanana, na anayewatenganisha ni yule anayejua maji yataelekea wapi katika kila mwili.

Pingamizi la tatu ni kwamba orodha huokoa maisha, kwa hiyo kuzibeza ni kiburi cha mwalimu. Mfano unaotolewa ni wa nyumbani. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya usalama wa upasuaji katika hospitali nane duniani, London, Toronto na Manila zikiwamo, na ya Tanzania ikawa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Ni orodha ya mambo 19 tu. Vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100, na madhara ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Sina neno dhidi ya orodha hiyo. Nimeifundisha na ningeifundisha tena kesho. Ila kazi yake si kumfundisha muuguzi. Inawasimamisha watu wanaojua tayari, ili uchovu na haraka visiwasahaulishe: jina la mgonjwa, upande unaopasuliwa, antibayotiki kabla ya kisu, vitambaa na sindano kuhesabiwa kabla ya kufunga. Inampa muuguzi nafasi ya kusema mbele ya daktari mpasuaji, na atakayesema kwa uthabiti ni anayejua kwa nini hesabu ya vitambaa isiyotimia isipite. Wengine wataweka alama ya tiki na kuendelea.

Imebaki hoja ya mtihani na hoja ya wingi wa wagonjwa. Kuhusu mtihani, anayejua sababu hujenga orodha mwenyewe. Sukari ikishuka mwili hutoa adrenalini, hivyo jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio. Ubongo nao hukosa chakula chake, hivyo kuchanganyikiwa, ukali usio wa kawaida, degedege, kupoteza fahamu. Dalili saba zimetoka kwenye mambo mawili. Na mtahini akiuliza kuhusu mgonjwa wa kisukari anayetumia propranololi, mwenye sababu atajua kwamba dawa hiyo huficha mapigo na mtetemeko lakini jasho hubaki. Kuhusu wingi, muuguzi wa usiku mwenye vitanda vingi ndiye anayehitaji mpango huu kuliko wote, kwa kuwa kazi yake ya kwanza ni kuchagua amwendee nani. Kijana wa bodaboda aliyefungwa hogo mguuni, analia maumivu yanayozidi licha ya dawa, na kumnyoosha vidole kunamfanya apige kelele, hana jina jipya la ugonjwa kwenye faili. Faili linasema amevunjika mfupa wa chini ya goti, basi. Anayefikiria mzunguko wa damu atajua misuli inanyongwa ndani ya hogo, kwamba mapigo ya mguuni yanaweza kuwapo bado, na kwamba mguu huo una saa chache. Atampigia daktari simu sasa na kudai hogo lipasuliwe.

Kwa anayejiandaa na mtihani wa usajili, ushauri wangu ni mfupi. Tenga ukurasa mmoja kwa kila kinachoshindikana: pumzi, mzunguko, fahamu, sukari, maji na mkojo. Andika kwa maneno yako mwili hufanya nini kwanza kujiokoa, dalili gani hutangulia na ipi huchelewa, unachoweza kufanya wewe kabla ya daktari kufika, na utakachopima tena baada ya muda gani. Ndipo ufungue kitabu na kuyapanga magonjwa chini ya kurasa hizo. Utashangaa mengi yanavyojipanga yenyewe, na machache yasiyoenea utayakumbuka kwa sababu hayaenei. Dozi zitabadilika ukiwa kazini, kama zilivyobadilika nikiwa kazini mimi, na miongozo itaandikwa upya zaidi ya mara moja. Jipime kwa jambo moja: ukipewa chati ya saa sita isiyo na jina la ugonjwa, useme mgonjwa huyu anaelekea wapi na nani aitwe. Ukiweza hilo, uko tayari kuachiwa wodi usiku.